Alama Nyingi, Kiti Kimoja: Kupanga Vikundi vya Mkutano kwa Programu ya Kompyuta

Mada iliyowasilishwa kwa watendaji wa kata na maafisa maendeleo ya jamii



Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaeleza kwamba Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa mwananchi wa kijijini, maneno hayo mazito mara nyingi huishia mahali padogo sana: kwenye kiti anachokalia siku ya mkutano wa wadau. Akiketi mahali anaposikika, hoja yake huingia katika mpango. Akiketi mahali asiposikika, hurudi nyumbani akiwa ameacha saini tu katika karatasi ya mahudhurio.

Kwa miaka mingi vikundi vimegawanywa ukumbini kwa kuhesabiana moja hadi sita. Muda hupotea, marafiki hubadilishana namba, na waliotoka kata moja hujikuta meza moja wakiambiana wanayoyajua tayari. Leo zipo programu za kompyuta zinazoandikisha washiriki, kuwagawa katika vikundi na kumtumia kila mmoja ujumbe mfupi wa simu wenye namba ya meza yake. Kazi ya nusu siku humalizika kwa dakika chache. Hata hivyo, programu hugawa kwa kufuata ilivyoelekezwa. Hekima ya mgawanyo hubaki kwa mwandaaji.

La kwanza ni kutofautisha sifa ya mtu na kikundi chake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika mkutano kuhusu mikopo hiyo anaweza kufika binti mwenye ulemavu, ambaye ni mwanamke, ni kijana na ni mtu mwenye ulemavu kwa wakati mmoja. Mwandaaji akifungua orodha tatu, binti huyo atahesabiwa mara tatu, na idadi ya viti na chakula itaharibika. Akimlazimisha achague orodha moja, sifa zake nyingine mbili zitafutika. Njia iliyo sahihi ni kumwekea alama zote tatu katika safu za taarifa zake, kisha kumpangia kikundi kimoja katika kila kipindi. Alama ziwe nyingi, kiti kiwe kimoja.

La pili ni kusudi la mazungumzo. Chukuliwe mfano wa mkutano wa washiriki 240 kutoka kata 20, kila kata ikileta watu 12. Ikiwa swali ni lipi litangulie katika kila kata, kati ya kisima na zahanati, basi watu wa kata moja wakae pamoja. Ikiwa swali ni vipaumbele vya wilaya nzima, zipangwe meza 12 za watu 20, kila meza ikiwa na mjumbe mmoja wa kila kata. Penye wengi pana mengi, lakini mengi hayo hudhihirika pale wengi wanapochanganywa. Pia ikumbukwe kwamba kijana aliyeketishwa kando ya mwenyekiti wa kijiji chake anaweza kunyamaza siku nzima. Kwa hiyo hufaa kuwa na vipindi viwili: cha kwanza watu wa rika au hali moja wakubaliane hoja zao, cha pili wachanganyike na kuzitetea.

La tatu ni fomu ya kujiandikisha. Kisichoulizwa katika fomu hakijulikani na programu. Washiriki wanne viziwi wakigawanywa kwa bahati nasibu, wanaweza kuangukia meza nne, ilhali mkalimani wa lugha ya alama ni mmoja. Idadi itakuwa sawa kila meza, na watu watatu watakuwa wamefungiwa nje ya mkutano wakiwa ndani ya ukumbi. Inafaa waanze kupangwa wenye mahitaji maalumu, nafasi zao zifungwe zisibadilike, ndipo programu iwagawe waliosalia.

Fomu iulize mahitaji, si maradhi. Swali la msaada gani unahitajika ili mtu ashiriki kikamilifu linatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahususi, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Orodha ya meza itakayobandikwa mlangoni iwe na jina na namba ya meza tu. Safu ya mahitaji ibaki kwa wanaohusika, na ifutwe kazi inapokwisha.

La nne ni siku yenyewe. Wapo wasio na simu. Hao waandikishwe kwa karatasi na mtendaji wa kijiji, na taarifa zao ziingizwe kabla ya mgawanyo. Majina hufanana, na mume na mke huweza kutumia simu moja. Hivyo kila mshiriki apewe namba yake ya usajili. Wapo watakaokosekana na wapo watakaofika bila kujiandikisha. Kila meza iachiwe viti viwili vya akiba. Umeme huweza kukatika. Orodha ichapishwe mapema kwa mpangilio wa alfabeti.

Kabla ya ujumbe kutumwa, orodha isomwe jina kwa jina na mtu anayewafahamu washiriki. Huyo ndiye atakayegundua kwamba wagomvi wawili wa mpaka wa shamba wamewekwa bega kwa bega, au kwamba mama mwenye mtoto mchanga amepangiwa chumba cha ghorofani.

Mgawanyo mzuri haupimwi kwa usawa wa idadi katika meza. Taarifa ya mkutano inapoandikwa, ichukuliwe orodha ya waliohudhuria na kuulizwa: hoja ya mkulima wa kata ya mbali iko wapi, na ya kiziwi, na ya binti aliyekuja kuulizia mkopo? Zikionekana humo, programu imetumika vyema. Zisipoonekana, kasoro itafutwe katika fomu na katika maelekezo yaliyotolewa, na irekebishwe kabla ya mkutano unaofuata.