Kukitambua Kiduha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la wakulima na walimu)

Tumeombwa kusema juu ya ua dogo lisilofika magotini mwa mtu, nasi twaomba mtusikilize, kwa kuwa ua hilo limewafukuza watu wengi katika mashamba yao. Jina lake ni kiduha.

Twasema ni ua, wala hatukosei. Tulipokuwa watoto, tukipelekwa shambani kulinda ndege, tulilichuma tukalichomeka katika nywele, maana wekundu wake ulipendeza sana katika mchanga mkavu, na mtama umekwisha kunyauka. Hapana aliyetukanya. Watu walisema shamba limerogwa, na mchawi mwenyewe tulikuwa tumemvaa kichwani!

Basi kitazameni hivi. Kimo chake yapata shibiri moja. Majani yake ni membamba, nayo hukwaruza kidole. Ua ni jekundu, mara chache manjano, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na mrija wake umepindika karibu na kinywa kama kiko. Kikombe cha kijani kinachoushika mrija huo kina mistari kumi iliyoinuka. Walimu, ihesabuni pamoja na watoto. Kwa kuwa pande za Ziwa Victoria yuko ndugu yake aliye mrefu zaidi, mwenye maua ya zambarau, na kikombe chake kina mistari mitano tu. Wote wawili ni wezi.

Lakini dalili iliyo kubwa i chini ya ardhi. Usikivute, kitakatika. Chimba polepole, uoshe mizizi kwa maji, nawe utaona mzizi wa kiduha umeshikamana na mzizi wa mtama, unaunyonya. Mbegu zake ni kama vumbi. Mche mmoja huzaa maelfu mengi, nazo zaweza kulala mchangani zaidi ya miaka kumi, zisiamke mpaka zifikiwe na dawa itokayo katika mizizi ya mahindi, mtama au uwele. Kisha kiduha hunyonya gizani majuma kadhaa kabla ya kutokeza. Ndiyo sababu mahindi hunyauka na ardhi ingali na unyevu, na mkulima aonapo ua, hasara imekwisha kuingia.

Wala si adui wa Waafrika peke yao. Mwaka 1956 kilitambuliwa Marekani, katika mashamba ya mahindi ya North Carolina na South Carolina, nao wamekipiga vita miaka mingi.

Shamba lenye kiduha lipandwe karanga, kunde au pamba kwa misimu kadhaa: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, lakini haziwezi kuinyonya, nazo hufa. Samadi nayo yafaa, maana kiduha hupenda ardhi iliyochoka. Kitakachotokeza king'olewe kabla ya kuzaa. Na mche uliokwisha kuzaa usitupwe njiani wala usipewe ng'ombe. Utiwe ndani ya gunia taratibu, ukachomwe moto.