Mgeni Huwa Mwenyeji Lini?

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wazee, walimu na jamaa, Kisaki

 

Nimeombwa niseme nanyi juu ya haki za wenyeji wa miji ya kale. Labda mtu atauliza, "Sisi watu wa shamba, haki za mji zatuhusu nini?" Nitamjibu kwa jambo nililoliona kwa macho yangu. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja jina, palikuwa na mtu aliyehamia tangu ujana wake. Alichimba makaburi pamoja na wenziwe, alibeba mawe ya kujengea shule, na watoto wake walizaliwa pale pale. Siku mashamba ya bondeni yalipogawanywa alisimama kuomba sehemu yake, akajibiwa, "Wewe keti, u mgeni." Akaketi. Mimi ndimi niliyekuwa nikiandika majina siku ile, wala sikusema neno. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta habari za watu wa kale, nijue mgeni huwa mwenyeji lini.

Kwanza nitawapeni mfano wa mbali. Uingereza, zamani za mfalme Henry wa Kwanza, aliyetawala tangu 1100 hata 1135, watu wengi wa mashamba walikuwa wamefungwa katika ardhi ya bwana wao, wakimfanyia kazi pasipo ujira wala hawana ruhusa ya kuondoka. Lakini mji wa Newcastle ulikuwa na desturi hii: mtu wa namna hiyo akikaa mjini kama mwenyeji mwaka mmoja na siku moja, alikuwa wa mji daima, isipokuwa tangu awali alipatana na bwana wake kwamba atakaa kwa muda tu. Mwenyeji aliweza kuuza ardhi yake na kwenda atakako, na daawa iliyotokea mjini ilikatwa mjini, ila zile za mfalme. Haki hizo hazikuwa za bure. Katika miji ya namna hiyo mwenyeji alilipa kodi ya mji na kushika zamu ya ulinzi usiku. Haki na mzigo vilikwenda pamoja kama jembe na mpini.

Hata hivyo, baadaye wenyeji wa miji mingi walifunga mlango, wakagawana haki wao kwa wao. Ndipo Bunge lao likatoa sheria mwaka wa 1835, walipa kodi wanaume katika miji 178 wachague baraza la mji. Wanawake walipa kodi wakapata kura hiyo mwaka wa 1869.

Sasa turudi kwetu, twende pwani, ilikoanzia njia ya misafara iliyopita katika nchi hii ya Ukutu. Miji ya pwani ilikuwa na daraja zake. Mombasa wenyeji walihesabiwa katika Mataifa Kumi na Mawili, nayo yaligawanyika Tisa Taifa na Thalatha Taifa. Miji ya Mrima, kama Bagamoyo, ilikuwa na majumbe. Desturi zao alizieleza Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichopigwa chapa mwaka wa 1903. Mtu aliyetaka cheo alitoa ada kwa wakubwa, akafanya karamu, watu wakala wakashuhudia. Ada ile ilikuwa mlango: ukiisha kuingia, umeingia.

Lakini si wote waliofunguliwa. Mtumwa alilima mashamba ya mji na kuchukua mizigo yake, wala hakuwa na neno katika shauri la waungwana. Hata mzalia, aliyezaliwa pale pale na kuijua dini na lugha, hakuhesabiwa muungwana. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka wa 1897, na Tanganyika mwaka wa 1922. Sheria ilikata minyororo siku moja. Jina la "mtoto wa fulani aliyenunuliwa" lilidumu midomoni mwa watu miaka mingi.

Tupande sasa mlimani kwetu, Uluguru. Huko ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama. Mgeni aliyeomba shamba alipewa, naye akatoa ngoto kwa mkubwa wa ukoo kila mwaka. Ilikuwa kitu kidogo tu. Angalieni tofauti yake na ada: ada ilitolewa ili mtu aingie, ngoto ilitolewa ili isisahauliwe kwamba hajaingia. Siwalaumu wazee waliotangulia. Ardhi ya mlimani ni haba, na ukoo usiolinda mipaka yake watoto wake watalima wapi? Lakini ulinzi wa shamba ni jambo moja, na kumnyima mtu kauli ni jambo jingine.

Sheria ya nchi yetu imekwisha kulipambanua jambo hili. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 yasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa kawaida aliyetimiza miaka 18, haiulizi ukoo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Haisemi kila aombaye apewe. Lakini mkazi ana haki ya kusimama, kuomba na kusikilizwa. Basi yule mtu hakupaswa kuambiwa "keti".

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Twalipenda sana neno hili, maana latupatia mkono wa kulima. Lakini aliyepokea jembe, akalima nasi miaka ishirini, akazika nasi, tutampa nini? Nawaombeni, wazee, mlijibu swali hilo mbele ya watu, kabla ya siku ya kugawa mashamba. Walimu, wafundisheni watoto kwamba mwenyeji ni yule achukuaye mzigo wa mahali. Nasi makarani, tuandikapo majina, tusiogope kuuliza, "Na huyu je?"

Mimi sikuuliza siku ile. Leo nauliza.