Kuloweka na Kuchoma Nyama ya Bata

Leo tunaingia jikoni. Tutazungumza juu ya nyama ya bata: namna ya kuiloweka katika viungo na kuichoma mpaka iwe laini. Lakini kabla hatujawasha moto, yafaa tujue bata huyo ametoka wapi.

Nasema hivyo kwa sababu ya swali nililoulizwa Nyakunguru, kule Tarime. Nilikwenda kukagua mahindi, na mama mmoja akanionyesha bata watatu wa porini aliouziwa njiani kwa bei ndogo sana. Tukawageuza huku na huku. Hawakuwa na jeraha, wala alama ya kamba ya mtego. Nikamwambia, "Mama, hawa wasiliwe. Huenda wameuawa kwa sumu." Akanijibu, "Mura, kwani nikiwaloweka kwenye ndimu usiku kucha, hiyo sumu si itatoka?"

Ndugu mkulima, jibu ni fupi: haitoki. Ndimu hulainisha nyama na kupunguza harufu. Moto huua vijidudu. Lakini dawa ya wadudu ikishaingia katika nyama, hakuna kiungo wala moto wa kuaminiwa kuiondoa. Hata kutupa matumbo hakutoshi, maana sumu hupita katika damu na kufika kwenye minofu.

Jambo hili si la kubuni. Majirani zetu wa Kenya waliliona katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, karibu na Ziwa Viktoria. Watu walitia sumu iitwayo Furadan katika konokono na vyambo vingine, wakaokota ndege kwa wingi na kuwauza kwa walaji. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wadudu wa shambani, si kwa kitoweo. Mtu akiila, hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, huharisha, misuli humtetemeka na pumzi humpaa. Ukiona dalili hizo baada ya chakula, usimlazimishe mgonjwa kutapika wala usimnyweshe dawa za kubahatisha. Mkimbize kituo cha afya, na kama pakiti ya dawa ipo, ichukue uwaonyeshe waganga.

Tena yuko bata bukini mkubwa mweusi, mwenye mwiba katika kila bawa. Huyu mara nyingine hula mende wenye majimaji yanayobabua ngozi. Sumu ya mende hao hubaki katika nyama yake, na kupika hakuiondoi. Basi hata ndege aliyekufa bila mkono wa mtu aweza kudhuru. Ndege wa porini unayemkuta amekufa usimle, usimpe mbwa, wala usimshike kwa mikono mitupu, kwani pia kuna homa ya mafua ya ndege. Mwarifu afisa mifugo. Na tukumbuke kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na ndege wamo.

Basi tufanye nini tukitamani bata? Tumfuge. Bata wa nyumbani hana makuu: hula majani, wadudu, pumba na mabaki ya jikoni. Mchinje akiwa na miezi mitatu hadi minne, nyama ingali laini. Sasa fuata hatua hizi.

Kwanza, mchinje siku hiyo hiyo utakayompika. Mchovye katika maji ya moto yasiyochemka, yaliyotiwa sabuni kidogo, kwa sababu manyoya ya bata yana mafuta na maji matupu hayapenyi. Mnyonyoe, kisha msuuze vizuri kwa maji safi mpaka sabuni iishe.

Pili, kata ile tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia. Wengi huisahau, halafu husema bata ananuka. Toa matumbo bila kuyapasua, kisha mpasue bata mgongoni ili alale bapa.

Tatu, tengeneza viungo. Kwa bata wa kilo mbili, twanga punje sita za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Ongeza kijiko kimoja cha mezani cha chumvi, pilipili manga kidogo, maji ya ndimu mbili na vikombe viwili vya mtindi. Mpake ndani na nje. Tumia chungu au bakuli la plastiki; sufuria ya alumini huliwa na ndimu. Funika, weka mahali pa baridi kwa muda wa saa mbili, si zaidi. Mwenye jokofu aweza kuacha usiku kucha, lakini asiye nalo asijaribu, maana nyama itaharibika.

Nne, washa mkaa na ungoje mpaka upate majivu meupe. Sogeza makaa pembeni, katikati weka kopo la kukingia mafuta. Bata ana mafuta mengi chini ya ngozi. Yakidondokea makaa, moto hulipuka, ngozi huungua na ndani hubaki mbichi. Choma ngozi kwa ncha ya kisu bila kufikia mnofu, ili mafuta yatoke. Mlaze katikati, mgeuze mara kwa mara kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu. Mwishoni sogeza makaa karibu ili ngozi ikauke. Dunga paja: maji yakitoka meupe bila damu, ameiva. Bata mzee mchemshe kwanza mpaka aanze kulainika, ndipo umchome. Mtindi uliolowekea nyama mbichi umwage, usiufanye mchuzi. Lakini yale mafuta ya kopo yahifadhi. Ni mazuri kwa kukaangia mboga.

Na yule mama wa Nyakunguru? Tulichimba shimo refu mbali na maji, tukawafukia bata wale watatu. Sikuwa na kipimo cha kuonyesha kama walikuwa na sumu. Alisikitikia fedha yake, na alikuwa na haki. Lakini wajukuu wanne walikuwa wamekwisha kaa kuzunguka jiko, wakingoja. Kwa bata usiyejua kifo chake, usijaribu kwa mdomo wa mtoto.

Jioni ile tulikula ugali kwa mboga za majani. Aliahidi kutafuta vifaranga wa bata.