Vanila: Tupige Hesabu Kabla ya Kufuata Harufu

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa nijibu swali la kikundi kimoja cha akina mama. Wao huoka keki na mandazi ya kuuza sokoni, na wameweka akiba kidogo. Sasa mtu amewaambia, "Wacheni mandazi, nunueni miche ya vanila, mtatajirika." Wanauliza: watoe akiba yote ama wasitoe?

Tuanze jikoni. Ile chupa ndogo ya vanila tunayotia kwenye keki, mara nyingi haikutoka shambani. Harufu ile tamu ni ya kitu kinachoitwa vanilini. Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley aliitoa ndani ya vanila mwaka wa 1858, ikawa unga mweupe. Mwaka wa 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliitengeneza kutokana na miti ya jamii ya msonobari. Baadaye ilitengenezwa kwa mafuta ya karafuu, halafu kwa mabaki ya viwanda vya karatasi. Siku hizi nyingi hutokana na petroli. Ile ya kutoka kwa vanila yenyewe haifiki hata moja kwa mia ya vanilini yote duniani.

Je, ni vibaya kuitumia? La. Vanilini ni ile ile, ingawa vanila ya shamba ina harufu nyingine nyingi ndani yake. Ubaya ni kuandika "vanila halisi" kwenye keki iliyotiwa ile ya kiwandani. Huko ni kumdanganya mnunuzi.

Sasa mkulima aelewe: anashindana na kiwanda. Tena bei ya vanila haitulii. Mwaka wa 2003 kilo moja iliyokaushwa ilifika kama dola 500. Kufikia 2005 ilikuwa chini ya dola 50. Mwaka wa 2018 ilipanda tena hadi karibu dola 600, kupita hata bei ya fedha yenyewe, kisha ikaanguka. Madagaska, nchi inayotoa vanila nyingi kuliko zote, iliweka bei ya chini ya kuuza nje, na mwaka wa 2023 ikaiondoa. Bei zikaporomoka zaidi. Anayepanda leo bei ikiwa juu atavuna baada ya miaka mitatu hivi. Ni nani anayejua bei ya siku hiyo?

Tena kazi yake si mchezo. Vanila ni mmea wa kutambaa uliotoka Meksiko. Unataka joto, mvua ya kutosha, kivuli nusu na mti wa kupandia. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, likanyauka siku hiyo hiyo. Huku kwetu wadudu hawalichavushi, kwa hivyo ni lazima mtu aliguse kwa mkono, moja moja, kwa kijiti. Aliyegundua njia hiyo inayotumika hadi leo ni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion mwaka wa 1841. Wenye mashamba walitajirika. Yeye alikufa maskini mwaka wa 1880. Hapo tujifunze kwamba anayefanya kazi si lazima ndiye anayekula faida.

Baada ya hapo ganda hukaa karibu miezi tisa kukomaa. Likiwa bichi halina ile harufu. Huchovywa katika maji ya moto, likafunikwa kwa blanketi litoe jasho, likaanikwa, likahifadhiwa miezi kadhaa. Kilo tano au sita mbichi hutoa kilo moja kavu. Nao wezi wanajua! Ndugu zetu wa Uganda hulala shambani wakilinda. Wengine huvuna mapema kwa kuogopa kuibiwa, lakini ganda changa lina vanilini kidogo na bei yake ni duni. Ndiyo maana serikali yao hutangaza tarehe ya kuvuna.

Kwa hivyo kikundi kisitoe hata shilingi kabla ya kujibu maswali haya:

1. Shamba letu lina mvua na kivuli, ama tutanunua maji?
2. Ni nani atakayenunua, na ameandika mkataba? Yule anayeuza miche, je, atanunua maganda?
3. Ni nani atakayekuwa shambani kila asubuhi wakati wa maua?
4. Tutakula nini ile miaka mitatu?
5. Bei ikianguka, tutabaki na nini?

Mkipata majibu mazuri, jaribuni miche michache chini ya miti mliyo nayo. Mahindi yasing'olewe, na tanuri lisizimwe. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Na Bwana Yesu, katika Luka 14, alitaja mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi akahesabu gharama. Basi akina mama, ketini, leteni daftari la kikundi, na kila mwanachama aseme lake kabla ya kupiga kura.