Kamshafti Inayocheza: Mazungumzo kwa Wenye Magari na Mafundi wa Kiptere



Barabara itokayo Kapsoit kwenda Sondu hupita Kiptere, na kutoka barabara hiyo kuna njia nyingi za changarawe ziendazo kwenye vituo vya kununulia majani ya chai. Lori likiharibika katika njia hizo, hasara haingoji kesho. Majani mabichi yaliyoshindiliwa hupata joto, hugeuka mekundu, na kiwanda huyakataa. Kwa hiyo mwenye gari asikiapo injini inagonga upande wa mbele hushikwa na hofu, na akiambiwa kwamba bloku imekufa huwa tayari kutoa bonasi yake yote ya Oktoba anunue injini nyingine. Mara nyingi bloku haikufa.

Injini nyingi za siku hizi zina kamshafti juu, kwenye silinda hedi. Maneno haya yahusu zile ambazo kamshafti yake imo ndani ya bloku, nazo zingali nyingi katika malori na magari ya zamani. Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye vinundu, na kila kinundu hufungua valvu kwa zamu yake. Huzunguka mara 1 kila krenki izungukapo mara 2. Watu wengi hudhani mhimili huo huzunguka tu. Sivyo, husukumwa pia kwa urefu wake. Katika injini ambazo kamshafti huendeshwa kwa gia, meno ya gia hukatwa mshazari ili yasifanye kelele, na meno ya mshazari yakibeba kazi husukuma mhimili upande mmoja. Vinundu navyo, katika injini nyingi, huchongwa kwa mwinamo mdogo usioonekana kwa macho, ili tapeti zizunguke zisiliwe mahali pamoja. Mwinamo huo pia husukuma.

Waundaji wa injini huuzuia msukumo huo kwa njia mbalimbali. Katika Land Rover za zamani kuna bamba dogo lililofungwa kwa bolti mbele ya bloku. Katika injini ya Chevrolet ya silinda 8 iliyotoka mwaka 1955 hakuna bamba. Mgongo wa gia husuguana na uso wa bloku yenyewe. Nafasi inayoachwa ni ndogo mno, mara nyingi baina ya sehemu 5 na 20 za mia za milimita 1, na kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Ndani ya nafasi hiyo hukaa oili, nayo ndiyo mlinzi wa pekee.

Sasa oili isipobadilishwa kwa wakati wake, au chujio la hewa likitupwa na vumbi la changarawe likaingia, mlinzi hugeuka kuwa tupa. Bamba huliwa, kisha gia huanza kula bloku. Unga wa chuma huzunguka na oili hata kwenye beringi. Kamshafti nayo hupata uhuru wa kwenda mbele na nyuma. Katika injini za petroli, distributa huendeshwa mara nyingi na gia ya mshazari iliyo juu ya kamshafti hiyo hiyo. Basi cheche huwahi au huchelewa, gari hukosa nguvu mlimani, na mwenyewe hununua plagi mpya bure.

Fundi hodari hupima kwanza. Huondoa kifuniko cha gia, huweka saa ya kupimia kwenye ncha ya kamshafti, huisukuma nyuma mpaka mwisho, kisha huivuta mbele. Mwenye gari ana haki ya kuitazama sindano ya saa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kama lililoliwa ni bamba tu, bamba jipya ni kitu cha bei ndogo na kazi yaweza kwisha kwa siku moja.

Uso wa bloku ukiwa umeliwa, kazi ni kubwa zaidi, lakini yawezekana. Injini hufunguliwa yote. Uso ulioliwa hukatwa upya mpaka uwe sawasawa, kisha huwekwa washa ya shaba nyeusi au ya chuma kigumu, yenye unene ule ule uliopotea. Tuseme nafasi ya asili ilikuwa sehemu 15 za mia za milimita, na sasa saa yaonyesha 90: bloku imepoteza 75. Ikiwa kukata kumeufikisha uso milimita 2 chini ya ulipokuwa mwanzo, washa na iwe ya milimita 2. Washa huzuiwa kwa pini isizunguke, na njia ya oili huachwa wazi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Uso huo lazima uwe mraba na tundu la kamshafti. Kwa hiyo kisu cha kukatia huongozwa na mhimili uliopita katika tundu lenyewe. Kuusawazisha kwa tupa ya mkono, au kujaza kwa welding bila kuipasha bloku moto ipasavyo, ni kununua ufa. Washa iliyolala upande mmoja italiwa upesi kuliko bloku ilivyoliwa. Na nyundo, ambayo ina kazi nyingi njema, isitumiwe kuingiza gia ya kamshafti: pigo moja laweza kuisukuma kamshafti nyuma ikang'oa kizibo kilicho mwisho wa tundu, na oili ikavuja mpaka kwenye klachi.

Baada ya kukata, vijia vyote vya oili husafishwa kwa brashi ndefu na mafuta ya taa, kisha hupulizwa kwa hewa. Beringi za kamshafti na za krenki hukaguliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa unga wa chuma ulikwisha kuzipitia. Gari likisha kwenda kilomita mia chache, oili ya kwanza imwagwe na chujio lake lipasuliwe litazamwe. Sumaku ikipitishwa ndani yake ikatoka safi, lori lirudi kubeba chai.