Mwenye Silaha Halali Mbele ya Kizuizi cha Polisi: Wajibu wa Kujulisha katika Mazingira ya Arua na Koboko

Mwenye bastola ya leseni anaposimamishwa na polisi, silaha yake hujulikana kwa njia mbili: ama aitaje mwenyewe kabla ya kuulizwa, ama askari aigundue. Wajibu wa kujulisha ni kanuni inayomlazimisha kuitaja. Mara nyingi huchanganywa na wajibu wa kuonyesha cheti, ambao ni kitu kingine. Sheria ya silaha ya Uingereza ya 1968, kwa mfano, inampa askari uwezo wa kudai cheti kwa mtu anayeamini kuwa ana silaha. Hapo askari ndiye anayeanza. Katika kujulisha, raia ndiye anayeanza, na suala zima linahusu nani atangulie kusema.

Nchini Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 hairuhusu raia kuwa na bunduki bila cheti, na mwombaji huchunguzwa kuanzia baraza la kijiji chake (LC I). Wanaofaulu ni wachache. Kwa hiyo askari aliye kwenye barabara ya Arua na Koboko anaposikia neno bunduki, cheti si kitu cha kwanza kumjia akilini. West Nile, eneo la Arua na Koboko, iliwaona askari wa Idi Amin wakirudi nyumbani na silaha zao mwaka 1979, ikaona mauaji ya Ombaci tarehe 24 Juni 1981, kisha waasi wa West Nile Bank Front ya Juma Oris, na wa UNRF II ya Ali Bamuze hadi mkataba wa amani wa Yumbe wa tarehe 24 Desemba 2002. Ukitoka Koboko kwenda Oraba, ng'ambo ya mpaka ni Kaya, Sudan Kusini. Ukishuka Vurra, mbele yako ni Kongo. Bunduki imepita njia hizi miaka mingi, na kwa kawaida haikupita na karatasi.

Kuuawa kwa Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, pamoja na mlinzi wake huko Matugga tarehe 8 Juni 2018, kulirudisha suala la silaha bungeni. Mwezi huohuo Rais Museveni aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za utambulisho. Alama hizo husaidia upelelezi risasi ikishatoka. Kujulisha kunahusu dakika zilizo kabla ya hapo, na dakika hizo hazijapewa uzito unaostahili.

Chukua gari lililosimamishwa Onduparaka jioni. Askari anaomba kibali cha udereva. Kibali kiko mfuko wa nyuma wa suruali, bastola iko kiunoni, na kati ya hivyo viwili ni upana wa kiganja. Dereva akipeleka mkono nyuma bila kusema neno, askari huona mkono unaoifuata bastola. Ndiyo maana mpangilio ni muhimu kuliko tamko lenyewe: mikono ibaki juu ya usukani, maneno yatangulie, mwendo ufuate. "Afande, nina bastola ya leseni. Iko kiunoni, upande wa kulia. Nifanyeje?" Swali la mwisho linampa askari nafasi ya kuamuru badala ya kukisia. Tamko lisemwe kwa Kiswahili, kwa kuwa askari wengi huhamishiwa huku kutoka wilaya za mbali na hawajui Kilugbara wala Kikakwa.

Hata hivyo, tamko peke yake si kinga. Tarehe 6 Julai 2016, huko Minnesota, Marekani, Philando Castile alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye askari huyo alimfyatulia risasi saba, akafa. Alikuwa na kibali, na sheria ya jimbo hilo haikumlazimisha kusema kabla ya kuulizwa. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia askari huyo huru. Wajibu ukimbana raia peke yake, kosa la upande wa pili halina pa kushikwa.

Majimbo ya Marekani yenyewe hayajakubaliana. Michigan humtaka mwenye kibali ajulishe mara moja, na kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na kusimamishwa kibali miezi sita. Ohio ilikuwa na sharti kama hilo, ikalilegeza mwaka 2022. Sasa mwenye silaha huko anajibu akiulizwa.

Wanaopinga wajibu huu husema mhalifu hatajulisha. Ni kweli, lakini kanuni hii haikusudiwi kumkamata mhalifu. Inakusudiwa kumkinga mtu mwema na risasi ya hofu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba tamko laweza kugeuka mlango wa kudaiwa chai au kupekuliwa gari zima. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inakataza upekuzi usio halali, na kanuni yoyote ya kujulisha inapaswa kutamka wazi kwamba tamko si sababu ya kupekua. Kwa aliyesahau, faini inatosha. Kifungo kingewafanya watu wafiche.

Kanuni hiyo iwahusu pia mlinzi wa kampuni anayepanda boda boda na bunduki begani kwenda lindoni, na askari aliyevaa kiraia akiwa likizo. Hao hukutana na vizuizi mara nyingi zaidi kuliko mfanyabiashara mwenye bastola. Usiku, taa ya ndani iwashwe na kioo kishushwe kabla ya neno la kwanza, na askari aliyeambiwa kuna silaha mbele yake awajulishe wenzake walio upande wa pili wa gari, ambao hawakusikia.