Mikondo ya Vilindini na Makorongo ya Chini ya Bahari

Ninyi wazee wangu na ninyi wanafunzi wa Shinyanga na Geita, jioni ya leo nataka kusema nanyi habari za mahali ambapo hapana hata mmoja wetu atakayepakanyaga: chini ya bahari, mbele ya mlango wa mto Ruvuma, penye kina cha mita 2,000 na zaidi. Msiogope umbali, maana kazi ifanyikayo huko mnaijua.

Kila aliyewatazama waosha dhahabu wa Geita ameiona. Jiwe husagwa likawa unga, unga huo ukamwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Kilicho chepesi huchukuliwa na maji, kilicho kizito hunaswa katika nyuzi. Maji hayana akili ya kuchagua. Uzito ndio uchaguao.

Basi, nchi iliyo chini ya bahari si tambarare kama mbuga zetu. Toka pwani hushuka kwa mteremko mrefu, nao umekatwa na makorongo, mengine makubwa kuliko korongo lo lote mlilopata kuliona. Mito humwaga mchanga na tope baharini. (Mchanga wetu haufiki huko: maji ya Manonga huishia katika mabonde ya Kitangiri na Eyasi, na ya Geita huingia Ziwa Victoria.) Mzigo huo ukizidi kurundikana juu ya mteremko, siku moja hupomoka, ukashuka korongoni kama mafuriko. Mchanga hukokotwa chini, na tope laini huinuka juu yake kama vumbi nyuma ya lori.

Kama mambo yangekuwa hayo tu, tope lingetua papo hapo juu ya mchanga na kuufunika. Lakini uko mkondo wa pili. Maji baridi, yaliyozama katika bahari za mbali, hutambaa vilindini kuelekea kaskazini, yakiambaa ule mteremko wa Afrika. Mwendo wake ni wa polepole, hata mtu atembeaye huupita, walakini haulali. Nao hulikabili korongo kwa ubavuni. Mmemwona mama apepetaye mtama: huumwaga toka juu, upepo ukapita, punje zikaanguka miguuni pake, makapi yakalundikana upande mmoja. Ndivyo mkondo huo ulivyolichukua tope na kulilaza upande wa kaskazini, na mchanga safi ukabaki korongoni.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Lile lundo la kaskazini lilikua, likalisonga korongo. Kila mafuriko mapya yalikuta upande huo umeziba, yakaegemea kusini. Hivyo, kwa muda wa miaka mingi mno, korongo lenyewe lilihama kwenda kusini, yaani kinyume cha mkondo uliolisukuma!

Mtauliza, nani ameyaona hayo gizani? Merikebu hupeleka sauti chini, nayo ikirudi huonyesha matabaka ya mchanga na tope, moja juu ya jingine. Kisha mitambo hutoboa na kuleta vipande vya mwamba. Katika mwaka 2012 kampuni ya Eni ya Italia iligundua gesi nyingi upande wa Msumbiji, mahali paitwapo Coral. Gesi ile imo katika mchanga uliopepetwa namna hii zaidi ya miaka milioni 34 iliyopita. Mwezi wa Novemba 2022 shehena yake ya kwanza ilisafirishwa. Upande wa Tanzania pia, katika vilindi, gesi ilipatikana tangu mwaka 2010.

Kwa nini mchanga safi ni bora? Kwa sababu kati ya chembe zake mna nafasi, na gesi hukaa humo na kupita kwa wepesi. Tope huziba nafasi hizo. Na kutoboa kisima kimoja katika vilindi hugharimu fedha nyingi sana. Mchimbaji asiyejua mkondo ulikuwa ukielekea wapi aweza kulitoboa lile lundo la kaskazini, asipate ila tope.